Vidole Viwili vya Wifi

Nyumba ile ilikuwa na vyumba vitatu, na chumba kilichotazama barabarani ndicho kilichowalisha. Humo mlikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi, na kioo kilichopasuka pembeni. Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, mlango wa chumba hicho ulifunguliwa, na sauti ya kwanza kusikika ilikuwa ya mkasi.

Mkasi ulikuwa wa wifi.

Mama alishona. Wifi, mjane wa mtoto wake wa kiume, alikata. Mume wake alipofariki, watu walidhani atarudi kwao. Hakurudi. Alisema, "Nikienda, nani atamkatia mama?" Akabaki, na miaka ikapita. Futi, binti wa mwisho wa mama, alipiga pasi, alitia vifungo na kupokea wateja. Futi halikuwa jina lake. Alibandikwa jina hilo utotoni, kwa sababu alikuwa akishinda na futi ya mama yake shingoni, ile kamba ya kupimia, akipima viti, kuku na wageni.

Wifi alikuwa na namna yake ya kukata. Mama alimpima mteja na kutaja namba. Wifi alichora mstari wa chaki juu ya kitambaa. Kisha aliweka vidole viwili vya mkono wa kushoto nje ya mstari huo, akachora mstari mwingine. Huo wa pili ndio aliokata. Hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nini. Ilikuwa kama mtu anavyopuliza chai kabla ya kunywa. Mteja alivaa, akakaa, akainama, akapumua, na nguo ikabaki nguo.

Kisha wifi akaugua.

Ilikuwa homa tu, lakini ilimlaza wiki nzima. Kazi nayo ikalala. Vitambaa vilirundikana juu ya meza. Wateja walikuja na maneno, wakaondoka na maneno makali zaidi. Mama alijaribu kukata mwenyewe, akaharibu sketi ya mwalimu jirani yao. Mwalimu aliitazama, akauliza kwa upole kama ni ya mdoli wake.

Wifi alipona. Hofu ya mama haikupona.

"Siku huyu akiolewa tena," alimwambia Futi jikoni kwa sauti ya chini, "sisi tutakula chaki."

"Ataolewa na nani, mama? Hatoki."

"Hatoki, lakini wateja wanaingia."

Futi alifikiri. Alikuwa na kompyuta ndogo, kuukuu, aliyoinunua imeshatumiwa na mtu, yenye kifuniko kilichofungwa kwa uzi wa cherehani. Na ndani ya kompyuta ile alikuwa ameweka msaidizi wa kuandika programu. Msaidizi huyo si mtu. Ni akili mnemba: unaiandikia kwa maneno ya kawaida, nayo inakujibu. Ukiieleza kazi yako, inaweza kukuandikia programu, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata hatua kwa hatua. Zamani ilikuwa lazima mtu asomee lugha za kompyuta ndipo aandike maagizo hayo. Sasa hata fundi wa vifungo anaweza kuanza.

Futi akaanza. Aliandika: "Niandikie programu. Nikiingiza vipimo vya mtu, initolee karatasi ya kukatia gauni."

Msaidizi alijibu: "Sawa. Kabla sijaanza, nina maswali. Vipimo vyako ni vya mwili wenyewe, au vya gauni likiwa limekwisha? Nafasi ya kupumulia huongezwa na nani, na kiasi gani? Kitambaa ni kigumu au cha kuvutika? Usiponiambia, nitachukulia kwamba ni vya gauni lililokwisha, na nitaongeza nafasi ya mshono tu."

Futi aliona anacheleweshwa. Ilikuwa kama kwenda dukani kununua chumvi, mwenye duka akakuuliza unapika nini na nani atakula. Akaandika, "Endelea tu."

Msaidizi akaendelea. Mistari ilishuka kwenye kioo cha kompyuta, ya rangi rangi, mingi kuliko Futi alivyoweza kuisoma. Kila baada ya muda msaidizi aliuliza kama Futi anakubali mabadiliko fulani. Futi alibonyeza "Kubali" kama mtu anayefukuza nzi. Hakuuliza ni mabadiliko gani. Kabla jua halijashuka, programu ilikuwa tayari, na karatasi ya kwanza ilitoka imepangika vizuri, ina kifua, kiuno, nyonga na urefu.

Alijikatia gauni mwenyewe kwa karatasi ile, kwa kipande cha kitambaa kilichobaki, kile cha kuvutika. Mama alilishona. Futi alisimama mbele ya kioo kilichopasuka.

"Limekukaa kama ulizaliwa nalo," mama alisema. Uso wake ulikuwa umefunguka. Futi hakuwa ameuona hivyo tangu msiba wa kaka yake.

Wifi alilishika gauni kiunoni, akalivuta. Likavutika.

"Hiki kitambaa kinasamehe," alisema.

Hakuna aliyemwuliza ana maana gani.

Siku chache baadaye alikuja matroni wa hospitali ya uzazi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye haraka, mwenye saa kubwa kifuani. Alitaka magauni ya kazi kwa wauguzi wake. "Haya ya kwanza ni ya kuwaonja," alisema. "Mkinifurahisha, nguo zote za hospitali zitapita hapa. Msiponifurahisha, tutasalimiana tu barabarani."

Mama alikwenda hospitali kuwapima wauguzi. Futi aliingiza vipimo kwenye kompyuta pamoja na majina yao na namba zao za simu. Karatasi zikatoka. Kitambaa cha hospitali kilikuwa cha pamba, kigumu, cha rangi ya maji ya bahari.

Wifi alishika karatasi ya kwanza, akaisoma huku midomo yake ikicheza.

"Mama, hizi ni namba za ngozi."

"Za ngozi ndiyo nini?"

"Ni mwili mtupu. Nikikata hivi, gauni litamgusa mtu kila mahali."

"Imeongezwa, wifi," Futi alisema. "Tazama hapa chini. Nafasi ya mshono."

"Hiyo ni ya uzi. Ya kupumulia iko wapi?"

Futi hakujua. Aliyakumbuka maswali ya msaidizi, lakini aliyakumbuka kwa mbali, kama mtu aliyekupungia mkono nawe hukumtambua. Angeweza kusema, "Ngoja nitazame." Lakini matroni alikuwa ameshataja siku ya kuzichukua nguo, na mama alikuwa amesimama pale akimtazama kwa ule uso uliofunguka.

"Kompyuta imepiga hesabu zote," alisema.

"Basi kata kama ilivyoandikwa," mama alimwambia wifi. "Vidole vyako vipumzike."

"Mama, mimi ninachosema ni kwamba..."

"Vidole vyako vikiugua, nyumba nzima inalala. Umeona mwenyewe. Sitaki tena kulishwa na vidole vya mtu."

Mwanamke aliyekuwa akisubiri kutiwa zipu alijifanya anatafuta kitu mkobani.

"Sawa, mama," wifi alisema.

Akakata. Alikata vizuri, mstari kwa mstari. Mkono wa kushoto, kila ulipokuwa hauna kazi, aliuweka mgongoni, kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu mezani.

Magauni yalikwenda yamepigwa pasi, yamekunjwa vizuri. Yalirudi yamesokotwa ndani ya mfuko. Matroni mwenyewe aliyamwaga juu ya meza ya kukatia.

"Muuguzi akisimama kama sanamu, gauni ni zuri sana," alisema. "Lakini wangu hawasimami kama sanamu. Wanainama. Wanapokea watoto. Mwenye hili hapa limempasuka mgongoni mbele ya baba mkwe wa mzazi. Amekwenda kulia chooni, na mzazi amebaki anasukuma peke yake."

Mama aligusa mshono penye mpasuko. Uzi wake ulikuwa mzima. Kilichochanika ni kitambaa.

Macho ya mama yalikwenda kwa Futi. Yakaenda kwenye kompyuta. Kisha yakaenda kwa wifi, yakatulia hapo.

"Ni fundi wangu wa kukata," mama alisema. "Amekosea."

Wifi alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Hakuinua kichwa. Uzi ulipita tunduni, akauvuta, akafunga fundo.

Futi alifungua mdomo. Alihisi neno limefika hapa kooni. Neno lilikuwa fupi: Ni mimi. Akameza mate, nalo likashuka na mate.

Matroni alimtazama wifi kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kandambili. "Basi mpumzishe," alimwambia mama. "Kazi iliyobaki nitampa mwingine."

Asubuhi iliyofuata sauti ya mkasi haikusikika. Wifi alikuwa amevaa nguo ya kutokea. Mkasi alikuwa ameuviringisha ndani ya kipande cha kanga.

"Huu alininunulia mwanao," alimwambia mama. "Kwa hiyo naondoka nao."

"Unakwenda wapi?"

"Mtaa wa pili, karakana ya nguo. Wamekuwa wakiniita muda mrefu. Nilikuwa nawaambia nina mama."

Mlango ulipofungwa, mama alikaa kwenye cherehani, akakanyaga pedali bila kitambaa chochote chini ya sindano. "Aende," alisema. "Mashine yako ipo."

Mashine ilikuwepo kweli. Lakini Futi hakuweza kuigusa. Kila alipoifungua aliona lile gauni lililochanika. Mwishowe aliibeba kwapani, akapanda ngazi kwa jirani wa ghorofa ya juu.

Jirani huyo alikuwa mwanamke aliyeandika programu za ofisi akiwa nyumbani kwake. Mtaani walimwita Bi Maswali, kwa kuwa hata ukimsalimia alikuuliza umekusudia nini. Chumba chake kilikuwa na meza, viti viwili, na nguo zilizoanikwa juu ya mlango.

"Dada, hii kompyuta imeniharibia," Futi alisema.

"Imekuharibia, au umeharibu nayo?"

"Sijui."

"Hapo ndipo pa kuanzia. Kaa."

Futi alimsimulia yote. Alipofika kwa wifi, sauti yake ilipungua, Bi Maswali akasogeza kiti ili asikie.

"Siku ya kwanza uliiandikia nini?"

"Niliagiza programu ya kukatia."

"Yenyewe ikasema nini?"

"Iliniuliza maswali."

"Ukajibu?"

Futi alitazama vidole vya miguu yake. "Niliandika, endelea tu."

Bi Maswali hakumcheka. Futi angependa achekwe, yaishe.

"Usibadilishe kitu bado," jirani alisema. "Iambie ikueleze namna inavyohesabu kifua. Kwa maneno ya fundi cherehani, si ya kompyuta."

Futi aliandika. Msaidizi alijibu: "Nachukua kipimo cha kifua, nakigawa kwa nne, naongeza nusu inchi ya mshono. Sikuongeza nafasi ya kupumulia, kwa sababu sikupewa kiasi chake. Nimechukulia kwamba vipimo ni vya gauni lililokwisha. Kama ni vya mwili, gauni litabana, hasa mtu anapoinama au kunyanyua mikono."

Futi alisoma mara mbili. Maneno yalikuwa yale yale ya wifi.

"Ilijua," alisema.

"Haikujua. Ilidhani. Ikakuambia inadhani nini, nawe ukaipa ruhusa." Bi Maswali alivua miwani akaifuta kwa pindo la blauzi. "Sikiliza, mdogo wangu. Msaidizi huyu ni kama mwanagenzi aliyesoma vitabu vingi sana vya ushonaji lakini hajakanyaga chumbani kwenu. Anakata haraka kuliko ninyi wote. Lakini hakumwona wifi yako akiweka vidole. Usipomwambia, ataziba pengo kwa anachokijua yeye, na ataliziba kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Wewe unasikia uhakika, unadhani ni ukweli."

"Sasa nifute yote?"

"Kwa nini ufute? Weka nakala ya programu kama ilivyo, kwenye faili lake. Kila inapofika mahali inafanya kazi vizuri, weka nakala nyingine. Ukiharibu mbele, unarudi ulikotoka. Na haya hapa ni nini?"

Alikuwa ameona majina ya wauguzi.

"Ni wateja. Na simu zao."

"Inahitaji simu ya mtu ili ikate gauni lake?"

"Hapana."

"Basi ondoa. Andika mteja wa kwanza, mteja wa pili. Kifua cha mtu ni siri yake na fundi wake."

Futi aliondoa.

"Sasa anza upya," Bi Maswali alisema. "Usianze kwa kuagiza. Eleza kazi ilivyo kwenu. Nani anapima, nani anakata, kitambaa kinakunjwa vipi. Kisha mwambie: niulize mpaka uelewe, usiandike kitu bado. Akishaelewa, mpe kifua peke yake. Chukua gauni la zamani linalomkaa mwenyewe vizuri, umpime mwenye gauni, uone kama programu inatoa namba za gauni lile. Zikitoka, nenda kiunoni. Zisipotoka, usiende popote."

"Hiyo kazi ni ndefu, dada."

"Magauni yaliyorudi yalikuwa kazi fupi?"

Futi aliivuta kompyuta karibu.

"Na lile gauni la kujaribia, ulitumia kitambaa gani?"

"Cha kuvutika." Hapo hapo aliisikia sauti ya wifi, na mkono wake ukivuta kiunoni. Hiki kitambaa kinasamehe. "Wifi aliniambia," Futi alisema. "Aliniambia mara mbili, na sikumwuliza hata mara moja."

"Kile kitufe cha Kubali," Bi Maswali alisema polepole, "usikibonyeze kwa jambo ambalo huwezi kumweleza mama yako. Hujalielewa, mwambie msaidizi akueleze tena. Hachoki, wala hakasiriki. Binadamu ndio hukasirika wasiposikilizwa."

Futi aliandika maelezo yote, tangu mama anavyoshika futi hadi pindo la mwisho. Msaidizi akauliza maswali yake. Hili lilikuwa la kwanza: "Nafasi ya kupumulia ni kiasi gani?"

"Vidole viwili," Futi alisema.

"Vya nani?"

"Vya wifi."

"Ni inchi ngapi?"

Msichana aliyewahi kupima viti, kuku na wageni hakuwahi kuvipima vidole vile.

Alishuka ngazi. Mama alikuwa akifumua magauni ya hospitali ili apate japo vitambaa vya mifuko. Futi alisimama mbele yake.

"Mama, wifi hakukosea. Ni mimi. Kompyuta iliniuliza, sikuijibu. Halafu yeye akaniambia, sikumsikia."

Mama aliendelea kufumua. Alivuta uzi mrefu, akauweka pembeni, akavuta mwingine.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Mimi ndiye niliyeyashona. Unadhani mkono wangu haukuhisi? Kila nilipofika kwapani, kitambaa kilikuwa kinaniambia hakitoshi." Alikata uzi kwa meno. "Nilitaka mashine yako iwe kweli. Nilitaka nifike mahali ambapo huyu mtoto wa watu akiondoka, nisiogope. Haya. Ameondoka."

Futi alikaa sakafuni kati ya vipande vya rangi ya bahari.

Kesho yake walikwenda mtaa wa pili. Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye cherehani zilizopangwa kama madawati ya shule, na kelele za kutosha kuficha kilio. Wifi alikuwa mwishoni, kwenye meza ya kukatia. Mbele yake palikuwa na kitambaa cha pamba, kigumu, cha rangi ya maji ya bahari.

Mama alikitambua kabla ya kumsalimia.

"Matroni amewapa hawa," alisema.

"Shikamoo, mama," wifi alisema. "Ndiyo. Wamenipa mimi nikate."

Mama alishika ukingo wa meza. "Mwanangu, nilikusingizia."

"Mbele ya watu, mama."

"Mbele ya watu. Nitakwenda kwa matroni nimwambie."

"Nenda," wifi alisema. Hakusema haina haja. Futi alitarajia aseme hivyo, kama watu wanavyosema, lakini wifi alitaka jambo hilo lifanyike, akasubiri mpaka mama alipotikisa kichwa kukubali. Kisha akamgeukia Futi. "Na wewe, wifi? Umekuja kufanya nini?"

Futi alikuwa ameandaa maneno mengi njiani. "Samahani, wifi," alisema. "Nilikaa kimya. Na nimekuja kuomba vidole vyako."

Wifi alicheka kidogo, puani. "Mama alisema vipumzike."

Lakini aliviweka mezani, viwili, vimebanana, vyembamba, vyenye alama ya chaki kwenye kucha. Futi alivua futi shingoni. Inchi moja na robo.

"Nusu inchi ni ya uzi," wifi alisema. "Inayobaki ni ya mtu. Anayeinama kazini, mwongezee kidole cha tatu mgongoni. Kitambaa kinachosamehe, ondoa kimoja. Mtu mzima sana, usimbane kwapani, mkono wake haunyanyuki vizuri, unavutwa tu." Aliendelea, na Futi aliandika. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa nyumba ile kumwuliza kazi yake.

Alipomaliza, mama alisema, "Chumba chako kipo vilevile."

"Nashukuru, mama. Lakini hapa wananiuliza kabla hawajaniamuru." Alichukua chaki. "Haya niliyokupa, wifi, nimekupa kwa ajili ya kaka yako. Usidhani nimesahau."

Mama alikwenda hospitali siku ile ile. Matroni alimsikiliza mlangoni, ameshika kitasa. Alisema amesikia, akamtakia siku njema. Kazi haikurudi.

Futi alirudi kwenye kompyuta. Safari hii alikwenda kwa mwendo wa mtu anayebeba maji yaliyojaa. Alijibu kila swali. Asipojua, aliandika "Sijui, nitauliza," akaenda kuuliza. Alianza na kifua peke yake. Alichukua gauni la zamani la mama, lililokatwa na wifi, akampima mama, akaingiza namba. Programu ikatoa namba tofauti na za gauni. Zamani angebonyeza Kubali. Sasa alimwambia msaidizi aeleze, na katika maelezo akagundua imeongeza nafasi ya mshono mara mbili: ile nusu inchi iliyokuwa ndani ya vidole, na nyingine juu yake. Alimweleza, msaidizi akarekebisha, Futi akapima tena. Zikalingana. Akaweka nakala. Ndipo akaenda kiunoni.

Gauni la kwanza lilikatwa kwa pamba ngumu, na mama ndiye aliyelikata. Futi alimvalisha.

"Simama. Sasa kaa. Nyanyua mikono. Inama uokote pini."

"Nimekuwa askari?" mama alinung'unika. Lakini aliinama, akaokota pini, akainuka. Gauni lilikuwa zima.

Tangu hapo hakuna nguo iliyorudi. Mwalimu alileta kitambaa kingine, akasema safari hii mdoli wake hahitaji kitu. Wateja walileta dada zao. Mama akiugua, Futi alikata. Futi akiwa hayupo, mama alikata. Karatasi zilitoka na mstari wa chini uliosomeka: Nafasi, vidole viwili. Wateja hawakujua ni vidole vya nani.

Asubuhi moja mama alikuwa mezani na mkasi mpya. Mkasi ule ulikuwa bado unalia, haujazoea mkono wake. Barabarani walipita wauguzi wawili wanakwenda zamu, na magauni yao yalikuwa ya rangi ya maji ya bahari. Mmoja aliangusha funguo. Akainama, akazitafuta kwenye vumbi, akanyoosha mkono mpaka chini ya ukingo wa baraza, akazipata, akainuka, akaendelea na mazungumzo yake.

Mama alikuwa ameacha kukata. Alimfuata yule muuguzi kwa macho, mgongoni, mpaka akapinda kona.

"Kidole cha tatu kipo," alisema.

Akarudi kwenye kitambaa.